Majina Tuliyowabandika Watoto

Wazazi wangu, walimu wenzangu, asanteni kwa kuja. Juzi mama mmoja aliniletea cheti cha mwanawe kilichoandikwa zamani nje ya nchi, akaniuliza, "Mwalimu, hii Asperger ndiyo usonji, au ni ugonjwa mwingine?" Nilimjibu haraka haraka akaenda zake. Swali lile lilistahili jibu refu, nami ndilo nimekuja nalo leo.

Neno otizimu, ambalo kwetu ni usonji, hali anayozaliwa nayo mtu inayogusa jinsi anavyowasiliana na wenzake, lilitungwa karibu mwaka 1910 na daktari wa Uswisi, Eugen Bleuler. Hakuwa akizungumzia watoto. Alikuwa akiwaeleza wagonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomtenga mtu na uhalisia, waliojifungia katika dunia yao, akalichota kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya "nafsi". Jina likazaliwa wodini. Huko Moscow, mwaka 1925, daktari Grunya Sukhareva aliandika habari za wavulana sita ambao leo tungesema wana usonji, kwa jicho la mtu aliyekaa nao kweli, ila naye aliwaita "skizoidi", yaani wanaofanana na wagonjwa wa skizofrenia. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, akaeleza watoto 11 wa aina hiyo, akasema wamezaliwa hivyo. Baadaye akageuka, akaandika juu ya ubaridi wa wazazi, na akina mama wa Marekani wakaitwa "mama jokofu". Ilipofika 1969 ndipo Kanner aliposimama mbele ya wazazi na kuwaondolea lawama. Hebu fikirini mama aliyelala na kuamka na lawama hiyo miaka yote. Kwetu husemwa mtoto karogwa, au mama alivunja mwiko. Ni lawama ileile, tofauti ni kwamba kule ilivaa koti jeupe.

Sasa twende Vienna, maana hapo ndipo pananiuma.

Hans Asperger alikuwa daktari wa watoto katika mji huo Wanazi walipoitwaa Austria mwaka 1938. Mwaka 1944 alichapisha maelezo ya wavulana wanne, akaiita hali yao "saikopathia ya kiotizimu". Kwa miongo mingi alisifiwa kuwa aliwakinga watoto wake na Wanazi. Mwaka 2018 mwanahistoria Herwig Czech alitoa aliyoyakuta katika nyaraka. Asperger hakuwa mwanachama wa chama cha Nazi, lakini alipeleka watoto Spiegelgrund, kituo ambako watoto walioonekana hawana faida waliuawa, wengi kwa dawa za usingizi zilizowadhoofisha hadi nimonia ikawamaliza. Watoto 789 walifia pale. Mwaka 1941 Asperger alimpeleka huko msichana ambaye hajafikisha hata miaka mitatu, aliyekuwa amedhoofishwa na ugonjwa wa ubongo, akaandika kwamba mtoto huyo ni mzigo usiobebeka kwa mama mwenye watoto wengine watano wazima. Msichana alikufa siku moja baada ya kutimiza miaka mitatu. Ubongo wa watoto wengi waliofia pale ulihifadhiwa kwenye chupa, ukatumiwa kwa utafiti hata baada ya vita, na mabaki yao yalizikwa mwaka 2002.

Neno hilo, mzigo, ninalisikia kila mwaka tunapoandikisha wanafunzi.

Basi jina la Asperger lilifikaje kwenye cheti? Mwaka 1981 daktari wa Uingereza, Lorna Wing, ambaye binti yake mwenyewe alikuwa na usonji, alitafuta jina lisiloumiza. "Saikopathia" ilikuwa inawafanya watu wafikirie wahalifu, kwa hiyo akatumia jina la daktari. Alitaka kuwafuta watoto doa, bila kujua kilichokuwa kimefichwa kwenye mafaili. Mwaka 2013 Wamarekani waliliondoa jina hilo katika mwongozo wao wa kutambua matatizo ya akili, kwa sababu ya kitabibu tu: madaktari hawakuwa wakikubaliana nani apewe jina lipi. Yote yakawekwa chini ya usonji. Wapo watu wazima waliokua na jina la Asperger na bado wanajiita hivyo. Sina ugomvi nao. Ndilo lililowapa jibu la kwanza maishani mwao.

Nasi tuna majina yetu. Zezeta, taahira, punguani: hayo tuyaache getini. Wengine husema tawahudi, kutoka Kiarabu, neno lenye upweke ndani yake. Mimi nasita kulitumia, kwa sababu darasani nimewaona watoto hawa wakikutafuta kwa njia yao, nasi ndio tunaogeuza uso.

Mama yule anarudi Jumatatu. Nitamwambia ndiyo, ni usonji. Kisha nitamwomba aketi, nimweleze jina lile lilipita wapi hadi likafika kwenye karatasi ya mwanawe.