Nzuri kwa Kipimo Gani? Kumfundisha Mwanafunzi Kudai na Kupinga

Walimu wenzangu, asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Nianze na sentensi ambayo kila mmoja wetu ameisahihisha mara nyingi: "Hadithi hii ni nzuri kwa sababu inavutia." Mwanafunzi ameweka "kwa sababu", nasi tunadhani hoja imejengwa. Isomeni tena. Hajatoa sababu yoyote. Amelirudia dai lake kwa neno jingine.

Hapo sisi hukimbilia ushahidi. Tunamwandikia pembeni "toa mifano", naye anatoa mitatu, minne, na hoja inabaki pale pale. Kinachokosekana ni kigezo. Mwaka 1958 mwanafalsafa Mwingereza Stephen Toulmin aliichambua hoja akaonyesha kwamba kati ya ushahidi na dai pana kanuni inayoviunganisha, na kanuni hiyo mara nyingi haitajwi. Katika dai la tathmini, yaani dai kwamba kitu ni kizuri au kibaya, kanuni hiyo ndiyo kigezo: hadithi nzuri ni ile inayofanya nini?

Mwanafunzi mmoja aliniandikia: "Mwisho wa hadithi ni mbovu." Nikamuuliza, mbovu kwa kipimo gani? Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mhusika anakufa ghafla tu." Ni kweli anakufa ghafla, ila hilo ni tukio, si kigezo. Nikauliza tena: kufa ghafla kuna ubaya gani? Akarudi kwenye daftari, akaandika: "Mwisho mzuri huzaliwa na yale mhusika aliyoyatenda. Kifo hiki hakikutokana na lolote alilotenda, kwa hiyo mwisho ni dhaifu."

Sasa tuna dai. Na tazameni, limeanza kupingika! Mtu akisema "inavutia", mwenzake atajibu "mimi hainivutii", na mazungumzo yamekwisha.

Tuje kwenye dai pinzani, yaani dai la asiyekubaliana na mwandishi, ambalo nadhani tunalifundisha vibaya kuliko kitu kingine chochote katika insha. Tumelifanya aya ya lazima: "Wengine wanaweza kusema hadithi ni mbaya, lakini wamekosea." Wengine gani? Wanasema hivyo kwa nini? Mwamba ngoma huvutia kwake. Mwanafunzi akiachiwa kumsemea mpinzani, atamwekea mdomoni maneno legelege ili ayabomoe bila jasho. Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill alilisema hili mwaka 1859: anayeujua upande wake peke yake, hata huo haujui sawasawa. Akaongeza kwamba haitoshi mtu kuzisikia hoja za wapinzani kutoka kwa walimu wake; azisikie kwa wale wanaoziamini.

Basi nikamwita mwanafunzi mwingine, aliyeipenda hadithi ile. Angeweza kuukataa ushahidi, aseme kifo hakikuwa cha ghafla, dalili zilikuwapo. Angeweza pia kukubali kwamba mwisho una kasoro, kisha aonyeshe kuwa uzuri mwingine wa hadithi una uzito zaidi. Yeye alikwenda moja kwa moja kwenye kigezo. Akasema, "Hadithi hii ni ya vita. Vitani watu hufa bila sababu. Mwandishi angekipanga kile kifo vizuri, angetudanganya."

Ningetamani mngekuwapo. Huyu hakubishana kuhusu tukio hata kidogo. Alibishana kuhusu kipimo. Mwenzake hakusalimu amri, wala hakurudia maneno yake kwa sauti kubwa zaidi. Aliomba muda, akaisoma upya aya ya mwisho, kisha akaandika: "Nakubali kwamba vitani kifo hakina mpango. Lakini aya ya mwisho inatuambia mhusika alistahili kufa. Kama kifo hakina mpango, kustahili kunatoka wapi?"

Kigezo cha mpinzani kilikuwa kimemfungua macho akaona kasoro ambayo mwanzoni hakuiona. Dai lake la mwisho lilikuwa jembamba kuliko la kwanza, na ni gumu zaidi kuvunjika.

Tangu hapo aya ya dai pinzani siisahihishi mimi kwanza. Inapelekwa kwa mwenzake mwenye msimamo huo, naye anajibu swali moja tu: haya ndiyo unayoyaamini? Akisema siyo, karatasi inarudi kwa mwandishi. Zipo zinazorudi mara tatu, na muda wa kipindi unaliwa kweli. Mimi niko radhi tuandike insha chache zaidi kwa muhula.

Mezani penu pana karatasi yenye aya mbili. Someni ya kwanza na jirani yako, mtafute kigezo ambacho mwandishi hakukitaja, kisha mmoja wenu akipinge.