Makao Makuu Yawe na Nguvu Lini?

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kuja.

Naanza na karatasi. Kenya wanaiita Fomu 34A. Usiku wa uchaguzi wa rais, kura zikishahesabiwa, msimamizi wa kituo huijaza mbele ya mawakala wa wagombea, hutia sahihi, nao hutia zao, kisha nakala hubandikwa mlangoni ili kila apitaye aisome. Sasa karatasi hiyo ikifika makao makuu ya tume ya uchaguzi, je, aliyeko huko ana ruhusa ya kuigusa?

Kanuni za awali zilimpa ruhusa. Zilisema matokeo yanayotangazwa jimboni, fomu za vituo zikishajumlishwa, ni ya muda tu, mpaka makao makuu yayathibitishe. Mtetezi wa haki za binadamu Maina Kiai na wenzake wawili wakaenda mahakamani kupinga, na tarehe 23 Juni 2017 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nao: matokeo ya jimboni ni ya mwisho. Kumwachia mwenyekiti wa tume arekebishe hesabu peke yake, majaji walisema, ni kumpa mamlaka ambayo sheria haimpi. Wiki kumi baadaye, tarehe 1 Septemba, Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais wenyewe, majaji wanne dhidi ya wawili. Miongoni mwa yaliyoiumiza tume ni kwamba ilikuwa imemtangaza mshindi kabla ya kupokea fomu zote za vituoni.

Najua wengi humu mnasikia hayo na kusema: basi, tuwaachie watu wa mashinani uchaguzi wao. Hapo ndipo ninapowaomba tusimame kidogo.

Baada ya uchaguzi wa Kenya wa 2007, nchi nzima ilitazama ukumbi wa kujumlishia kura jijini Nairobi. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Johann Kriegler ilipochunguza, ilikuta ubovu umeanza mbali na ukumbi ule. Ulianza vituoni. Katika ngome za pande zote mbili, idadi ya waliopiga kura ilipanda kupita inavyosadikika, masanduku yakajazwa, na wakala wa upande wa pili hayupo, au yupo na hathubutu kufungua kinywa. Kriegler alifika mahali pa kusema haiwezekani kujua nani alishinda. Jirani anaweza kukuibia kura yako vilevile kama afisa wa mjini, tena kwa urahisi zaidi, kwa sababu anajua unapolala.

Marekani wana historia hiyo hiyo kwa sura nyingine. Uchaguzi huko, kwa sehemu kubwa, huendeshwa na kaunti. Katika majimbo ya kusini, maofisa wa kaunti waliwatahini raia weusi kusoma na kufasiri vifungu vya sheria kabla ya kuwaandikisha, na mtahini ndiye aliyeamua nani amefaulu. Kilichovunja mchezo huo ni serikali ya taifa. Sheria ya 1965 ililazimisha maeneo yenye rekodi hiyo yaombe kibali kwanza kabla ya kubadilisha utaratibu wowote wa kupiga kura. Kibali hicho kilikoma kutumika 2013, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipobatilisha kigezo cha kuyachagua maeneo hayo, na mimi nahesabu siku ile kuwa ya hasara. Uchaguzi wa rais wa mwaka 2000 kule Florida nitaugusa tu: kaunti 67, baadhi zikitumia kadi ambazo mpiga kura huzitoboa, na kila timu ya kuhesabu upya ikiamua kivyake tundu lipi ni kura. Tofauti ya wagombea ilikuwa kura 537.

Tazameni mpangilio wa mambo haya. Serikali ya taifa ilipookoa kura, iliingia mapema: iliweka masharti, ikazuia hila kabla ya siku yenyewe. Kule Florida kilichokosekana ni kipimo kimoja kilichoandikwa kabla. Kenya, kilichoogopwa ni mkono unaoingia baada ya kura kuhesabiwa. Msimamo wangu ndio huo. Kabla ya siku ya kura, makao makuu yawe na nguvu hata za kuudhi: sajili moja, kipimo kimoja, mafunzo yale yale kila mahali. Hesabu ikishabandikwa mlangoni, mikono nyuma.

Mtaniuliza, fomu ikiwa ya uongo je? Mahakama ya Juu ya Kenya ilikwisha kulijibu hilo: mwenyekiti akiona kosa, alitangaze, asilisahihishe, mahakama ndiyo itakayoamua. Aone, aseme, asiguse. Mwaka 2022 tume ilikwenda mbele zaidi, ikaziweka picha za fomu za vituo zaidi ya 46,000 hadharani, raia yeyote akaweza kujumlisha mwenyewe. Makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo, na mahakama ikakumbusha kwamba kuhakiki ni kazi ya tume nzima, si ya mwenyekiti peke yake. Lakini ugomvi ulipofika mahakamani, karatasi za vituoni zilikuwa tayari mikononi mwa kila mtu.

Kilichobaki kinanikera. Yule msimamizi wa kituo, ambaye neno lake tumelifanya la mwisho, ni kibarua wa muda. Huajiriwa kuchelewa, hufunzwa haraka, kisha hujaza fomu ile usiku wa manane akiwa hajalala. Fedha za makao makuu zianze kwake.