Saa 72: kabla kikao cha familia hakijakaa
(Mhadhara kwa wazazi, walimu na wakubwa wa avenue (viongozi wa mtaa), Katuba, Lubumbashi)

Mama zangu, baba zangu, walimu, wakubwa wa avenue, jambo yenu wote.

Hapa Lubumbashi mtu akisikia neno ubakaji, mawazo yake yanakimbilia Bukavu, mashariki ya Kongo: hospitali ya Panzi, Daktari Denis Mukwege aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, wanaume wenye bunduki. Ni kidonda cha nchi nzima, hakuna anayebisha. Lakini mtoto wa Katuba hamkuti mbakaji wake msituni. Mara nyingi anamkuta ndani ya parsele, uwanja wa nyumba yao: mpangaji wa chumba cha nyuma, mjomba, jirani anayemtuma sukari, au shuleni, mwalimu anayedai mwili ili atoe pointi. Na kwa kuwa ni mtu anayejulikana, familia inaita kikao kwanza. Hapo ndipo saa zinapotea.

Tuhesabu pamoja. Tendo limetokea Jumamosi, saa mbili usiku. Jumapili ni ibada, kisha wazee wanaitwa. Jumatatu baba mkubwa anafika kutoka Likasi. Jumanne jioni wanakubaliana faini ya mbuzi. Jumatano, saa mbili asubuhi, mama anampeleka binti kituo cha afya. Zimepita saa 84. Dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi, inayoitwa PEP, inaanzwa ndani ya saa 72, kwa hiyo mlango wake ulifungwa Jumanne saa mbili usiku, wakati watu wazima wanabishana bei ya mbuzi.

Kwa nini 72? Virusi havienei mwilini papo hapo. Vinaanzia kwenye utando uliochubuka, vinasafiri hadi kwenye tezi, ndipo vinasambaa. Dawa inavizuia kuzaliana vikiwa bado vichache. Vikishaota mizizi, haiviondoi tena. Kwa hiyo saa ya pili ni bora kuliko ya ishirini. Dawa inamezwa siku 28 mfululizo. Tatizo linajitokeza wiki ya kwanza: kichefuchefu, au binti anaficha vidonge ili dada zake wasiulize, kisha anaacha. Apatiwe mtu mmoja tu wa kumkumbusha, ameze kila siku saa ile ile, baada ya bukari (ugali) ya jioni kwa mfano. Kipimo kinafanywa siku ya kwanza, kinarudiwa baada ya wiki sita na baada ya miezi mitatu.

Kidonge cha kuzuia mimba kina muda mrefu kidogo, hadi saa 120, ila nguvu yake inapungua kila siku inayopita. Kikiwa levonorgestrel, ni miligramu 1.5, mara moja. Akitapika kabla ya masaa mawili kupita tangu ameze, arudie. Hakitoi mimba iliyokwisha kuingia, nalisema kwa ajili ya wale ambao dhamiri inawasumbua. Muombe pia dawa za kisonono, kaswende na klamidia, chanjo ya homa ya ini aina ya B, na ya pepopunda kama kuna jeraha. Hata aliyechelewa siku tano, au wiki tatu, aende: bado kuna cha kutibu.

Sasa nguo. Mama anampenda mtoto wake, kwa hiyo anamwogesha na kuloweka kikwembe katika beseni la Omo. Ushahidi umekwenda na maji. Asioge kabla ya kupimwa. Nguo zisifuliwe, kila moja ifungwe peke yake katika karatasi au bahasha ya kaki. Msitumie sashe ya plastiki: unyevu unabaki ndani, kuvu inaota, alama zinaoza. Nguo ikiwa mbichi, ianikwe ndani ya nyumba, kivulini, kwanza. Akiwa ameshaoga, msimgombeze, twendeni hivyo hivyo. Matibabu hayangoji karatasi ya polisi.

Na daktari asiulizwe kama «bado ni bikira». Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitamka kwamba kipimo hicho hakina msingi wa kitabibu. Wengi waliobakwa hawana mchubuko wowote.

Kuhusu ile faini. Sheria ya Kongo namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 inamhukumu mbakaji kifungo cha miaka 5 hadi 20. Sheria nyingine, 06/019 ya siku ile ile, inasema malipo ya faini hayaifuti kesi. Mbuzi hanunui chochote. Na mzazi anayemwoza binti kwa aliyembaka, ili aibu ifunikwe, anatenda kosa lake mwenyewe: mwaka 1 hadi 12 gerezani. Mtu mwenye umri chini ya miaka 18 hawezi kusemwa kwamba alikubali.

Mkizungumza na mtoto, ulizeni mara moja tu: «Ilitokea nini?» Kisha nyamazeni. Andikeni maneno yake kama alivyoyasema, hata kama ameita kiungo kwa jina la utani. Swali «kwa nini ulienda kule?» linamfunga mdomo, na kumhoji mara kumi mbele ya shangazi kumi kunachanganya maelezo yake, wakili wa mshitakiwa akayachezea.

Wakubwa wa avenue, nina kazi moja kwenu, ya kesho. Nendeni kwenye kituo cha afya kilicho karibu, muulize: kit PEP, kifurushi cha dawa zile, iko? Inaisha lini muda wake? Na Jumamosi usiku, muuguzi mkuu akiwa nyumbani kwake, ni nani mwenye ufunguo wa kabati? Jibu likiwa «hakuna», tafuteni kituo kingine, na nauli ya taxi ya kufika huko iwekwe tangu sasa katika kisanduku cha avenue.