Nani Analipia Umeme wa Tundu la Mnyoo?

Ndugu zangu, mnaonifahamu mnalijua swali langu: nishati hiyo imetoka wapi, na huko ilikotoka kumepungua nini? Leo nalipeleka kwenye tundu la mnyoo, ile njia ya mkato ya anga na wakati ambayo Einstein na Rosen waliikuta kwenye milinganyo ya uvutano mwaka 1935. Historia mnaijua, naiacha.

Vijana huniletea mchoro uleule, mshale wa kalamu nyekundu ukizunguka bila mwisho. Ziwa Viktoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, Ziwa Albert kama 620. Maji ya Nile yanateremka mita 500 na ushei, yakipita mabwawa ya umeme ya Nalubaale, Bujagali, Isimba, Karuma. Basi, wanasema, tia mlango mmoja wa tundu ndani ya Albert, mwingine hapa Jinja, Nile inapotoka Viktoria. Maji yaingie kule chini, yatokee huku juu, yateremke tena. Umeme wa milele!

Ngoja kwanza. Twende na kilo moja tu. Ikiteremka mita 500 inatoa jouli 5,000 hivi (jouli ni kipimo cha nishati). Halafu inaingia mlango wa chini. Mlango unaomeza kilo huongezeka uzito kilo. Mlango unaoitoa hupungukiwa kilo. Hiyo ndiyo fizikia ya Einstein, hatuwezi kuchagua nusu yake. Sasa piga hesabu: maji yamerudi Jinja, sawa, lakini kilo nzima ya uzito imehama mlango wa juu ikaenda wa chini. Kilichoteremka ni tundu lenyewe! Pitisha mita za ujazo 1,000 kwa sekunde: kwa hesabu ya ubaoni, bila upotevu, ni megawati 4,900. Na mlango wa Jinja unapoteza tani 1,000 kila sekunde, zaidi ya tani milioni 86 kwa siku. Utadumu mpaka lini?

Najua kuna atakayesema, "Ssebo (bwana), si tuurudishie mlango wa juu uzito wake?" Uutoe wapi? Ukiutoa Albert, utaupandisha mita zilezile 500, na jouli zako zote zitaishia njiani. Nimelijibu hili mara nyingi, na bado mchoro unarudi.

Mengine nayapitia mbio. Tundu halikai wazi: mwaka 1962 wanafizikia Fuller na Wheeler walionyesha kwamba lile la Einstein na Rosen hujifunga kabla hata mwanga haujavuka. Mwaka 1988 Morris na Thorne wakaonyesha kwamba kulishikilia wazi kunadai nishati hasi, yaani iliyo chini ya sifuri. Mwanafizikia Casimir alituonyesha kwa hesabu chembe yake mwaka 1948, kati ya bati mbili zilizokaribiana mno. Ni kidogo sana.

Shimo jeusi linalozunguka, lile lenye uvutano usioachia hata mwanga, hilo nalikubali kama chanzo cha nishati. Mwanafizikia Penrose alilisema mwaka 1969: unaweza kuvuna hadi asilimia 29 ya nishati ya uzito wake, na anayelipa anaonekana, kwa sababu mzunguko wake unapungua.

Nilitaka pia kuzungumzia saa mbili, moja kwenye kila mlango, zinavyoachana, lakini mwenyekiti ananionyesha muda. Haya, maswali.