Joto la Prosesa Isiyo na Kazi
Mhadhara uliotolewa Lamu kwa walimu, makarani na mafundi vijana

Asalaam aleikum, walimu wangu, makarani, na nyinyi vijana mlioshika kazi ya ufundi. Lalamiko mliloniletea husikika zaidi wakati wa kaskazi: kompyuta ya mezani imewashwa, hakuna programu iliyofunguliwa, na bado kipimo kinaonyesha prosesa, yaani kile kijisahani kinachofanya hesabu zote za kompyuta, ina digrii 60 au zaidi za Selsiasi. Wengi hukimbilia dukani kununua feni. Nawasihi kwanza mpime chumba.

Feni hupitisha hewa ya chumbani katikati ya mapezi ya kipoza joto, kile chuma kinachokaa juu ya prosesa na kuinyonya joto, basi haiwezi kamwe kuishusha prosesa chini ya joto la hewa hiyo. Anayeambiwa kwamba kompyuta iliyotulia yafaa iwe na digrii 32 huenda anapewa kipimo cha mtu aliyeketi katika chumba cha digrii 20, na kipimo hicho hapa Lamu hakitufai. Chumba kikiwa na digrii 31 na prosesa 45, tofauti ni 14, na mashine hiyo ni nzima. Chumba hicho hicho prosesa ikisoma 68, tofauti ni 37, na hapo pana hitilafu ya kutafutwa. Andikeni tofauti hiyo, kwa sababu namba ya prosesa peke yake haitoshi kuhukumia.

Kisha hakikisheni kwamba kipimo chenyewe kinaaminika. Namba inayosomwa ndani ya bayosi, ule ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows kuanza, kwa kawaida huwa juu, kwa kuwa huko prosesa haijaanza kutumia njia zake za kubana umeme. Zipo pia prosesa zilizoundwa kutoa namba iliyoongezwa: Ryzen 7 1700X na 1800X za kampuni ya AMD, za mwaka 2017, ziliripoti digrii 20 zaidi ya joto lao halisi.

Je, prosesa kweli haina kazi? Katika Windows, bonyezeni pamoja Ctrl, Shift na Esc, mtazame ni programu gani inayoila prosesa. Mara nyingi ni masasisho au ukaguzi wa virusi, mambo yanayokwisha yenyewe. Mara nyingine ni programu hasidi inayochimba sarafu za kidijitali kwa umeme wa mwenye mashine. Angalieni vilevile mpangilio wa umeme, kwani ule wa utendaji wa juu hauiruhusu prosesa ishuke chini ya asilimia 100 ya kasi yake, ilhali ule wa wastani huiruhusu ishuke hadi 5.

Kazi ikiwa haipo na tofauti bado ni kubwa, nendeni kwenye vifaa vyenyewe. Hapa namna joto linavyopanda ni ushahidi mkubwa kuliko namba yenyewe. Ipeni prosesa kazi nzito: joto likiruka ndani ya sekunde chache na kushuka ghafla kazi inapokoma, kipoza joto hakijaigusa prosesa sawasawa. Likipanda polepole kwa dakika nyingi, hewa imekwama ndani ya kasha. Ondoeni ubavu wa kasha, na namba ikishuka kwa digrii kadhaa mmepata jibu.

Katika vipoza joto vya kawaida vya kampuni ya Intel, vile vya pini nne za plastiki, pini moja ikilegea kipoza chote huinama upande mmoja. Pesti ya joto, ule utepetevu unaopakwa kati ya prosesa na kipoza ili joto lipite, nayo hukauka kwa miaka. Kuibadilisha, fundi aipe mashine kazi hadi ipate joto kidogo, aizime na kuchomoa umeme, kisha akizungushe kipoza taratibu kabla ya kukivuta, hasa kwenye soketi ya AM4, yaani kikalio cha prosesa za AMD kama hizo za Ryzen, ambako prosesa huweza kung'oka pamoja nacho na pini zake zikapinda. Asafishe kwa alkoholi ya isopropili, aweke pesti mpya kiasi cha punje ya njegere, akaze pande zinazokabiliana kwa zamu.

Mji wetu una shida zake. Unyevu na chumvi ya bahari hulifanya vumbi ligande kati ya mapezi, na chokaa inayopukutika katika kuta za kale huongezeka juu yake. Msitosheke na kulifuta kasha kwa nje. Lipulizeni vumbi huku feni imeshikwa isizunguke, na msilisukumize kasha ukutani, maana hewa moto hutokea nyuma.

Digrii 60 hazitaiua prosesa. Nyingi za mezani huvumilia hadi karibu 95 au 100. Hasara ni kwamba kazi ikianza nafasi iliyobaki ni ndogo, nayo prosesa hujipunguza kasi ili ijilinde, na karani huona mashine nzito bila kujua sababu. Mkimaliza matengenezo, iacheni mashine itulie robo saa, kisha pimeni prosesa na chumba kwa pamoja, saa ile ile ya mchana mliyopima mwanzo.