Mtungi Wenye Swichi

ZUHURA: Haya, karibuni. Mimi niko Tabata, yule mwingine yuko Dodoma kama kawaida, na leo sina salamu naye.

LAMECK: Shikamoo dada.

ZUHURA: Shikamoo yako kaa nayo. Wasikilizaji mnakumbuka huyu bwana alivyojisifu humu. "Nina feni ya maji, wati mia na ishirini tu, nalala na blanketi Novemba hii." Nikaenda Kariakoo Jumamosi, nikatoa laki mbili na themanini. Muuzaji ananiambia, "Dada hii ni kiyoyozi kabisa, ila haina bomba la nje."

LAMECK: Hapo ulipaswa kugeuza miguu.

ZUHURA: Nikajaza tangi, nikatia barafu kama alivyoelekeza, nikafunga madirisha yote...

LAMECK: Ukafunga?

ZUHURA: Nikafunga, baridi isitoke! Saa moja ya kwanza, raha. Saa nane usiku naamka, shuka limenigandia mgongoni kama nimelitoa kwenye beseni sasa hivi. Asubuhi naingia jikoni, chumvi kwenye kopo imekuwa uji. Kiberiti, njiti tano hazijawaka. Daftari la mtoto limejikunja kama chapati. Mume wangu ananiuliza, "Tumelala ndani au tumelala baharini?"

LAMECK: [anacheka] Chumvi imekuwa uji!

ZUHURA: Cheka. Leo tulipanga mambo manne: ukubwa wa mashine na chumba, kusafisha, pedi, na dirisha. Tuanze na ukubwa, maana hata mimi...

LAMECK: Subiri, kabla ya ukubwa watu waelewe kile kitu ni nini, la sivyo wote watalala baharini. Kile ni mtungi. Mtungi wa maji wenye swichi, basi. Maji yanapita kwenye zile pedi za karatasi, zina matundu kama sega la nyuki, feni inavuta hewa kupitia pale. Maji yanageuka mvuke, na ili yageuke yanahitaji joto, yanalichukua kwenye hewa. Kwa hiyo hewa inatoka na baridi, na imebeba maji.

ZUHURA: Sasa hapo ndipo ninapokukamata. Bibi yangu wa Pangani alikuwa na mtungi. Pembeni ya ukumbi, umekaa kwenye mchanga mbichi, una kifuniko na kata ya kifuu juu yake. Ukinywa yale maji saa saba mchana, meno yanasisimka. Na Pangani ni pwani kama Tabata, tena zaidi. Kama mtungi ulifanya kazi kwa bibi, kwa nini wako haufanyi kwangu?

LAMECK: Swali zuri hilo.

ZUHURA: Najua ni zuri, nimeliwaza siku nne nikiwa nimelowa.

LAMECK: Bibi alikuwa anakunywa maji, hakuwa anavuta hewa ya mtungi. Nje nyuzi 31, maji ya mtungi tuseme 26. Mdomoni 26 ni baridi, utashukuru. Lakini hewa ya 27 iliyoshiba maji haikupoozi, kwa sababu jasho lako halina pa kwenda. Na wewe ni mtungi, Zuhura. Ngozi yako inatoka jasho vile vile.

ZUHURA: Umeniita mtungi hewani.

LAMECK: Mtungi mzuri wa Pangani. Uliofukizwa ubani.

ZUHURA: Tena bibi aliufukiza ubani kweli! Na usithubutu kuuosha kwa sabuni. Alikuwa anasema mtungi ukila sabuni hausahau.

LAMECK: Yuko sahihi kuliko muuzaji wako. Vile vitundu vidogo vya udongo ndivyo vinavyotoa jasho. Vikiziba, mtungi unakuwa ndoo. Hata pedi zangu huku ni hivyo, maji yetu ya visima yana chokaa, mwezi mmoja zinakuwa nyeupe kama zimepakwa rangi. Na kulikuwa na mwalimu mmoja wa Nigeria kaskazini, Mohammed Bah Abba, alichukua chungu kidogo akakiweka ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa. Nyanya na biringanya zikakaa siku nyingi bila kuoza, bila umeme. Mwaka 2000 akapewa tuzo ya Rolex kwa hilo.

ZUHURA: Nigeria kaskazini, kukavu. Unanisaidia mwenyewe! Mbona hakwenda Lagos, pwani?

LAMECK: ...Endelea.

ZUHURA: Nimefanya kile kipimo chako. Kipimajoto, kitambaa kilicholowa kwenye ncha, napepea. Jana saa nne usiku: kikavu 29, chenye kitambaa 26.

LAMECK: Mimi juzi saa tisa mchana: 32 na 20.

ZUHURA: Sasa wasikilizaji wasikie: ile tofauti ndiyo baridi yote ambayo maji yanaweza kukupa. Yeye ana nyuzi kumi na mbili za kuchezea, mimi tatu. Na mashine haizifikii zote. Nimenunua nyuzi mbili kwa laki mbili na themanini.

LAMECK: Kwa sababu ulifunga dirisha! Kiyoyozi unafunga, hiki unafungua. Lazima hewa yenye maji ipate pa kutokea, la sivyo unaivuta tena na tena inazidi kulowa. Na barafu ni ushirikina tu, kilo moja ya barafu ikiyeyuka inabeba joto mara saba pungufu ya lita moja ya maji ikigeuka mvuke.

ZUHURA: Usiku wa pili nilifungua. Nikapata nyuzi zangu mbili, pamoja na mbu. Feni yangu ya kawaida inafanya kazi ile ile bila kunilowesha chumvi.

LAMECK: Jaribu mchana, unyevu unashuka hata huko Dar.

ZUHURA: Mchana niko kazini, Lameck! Nalala usiku kama binadamu wengine.

LAMECK: Jumapili je?

ZUHURA: Laki mbili na themanini kwa ajili ya Jumapili? Sema tu, "Zuhura, mashine hii si ya pwani."

LAMECK: Siwezi kusema hivyo. Nasema hukuitumia ipasavyo.

ZUHURA: Ngoja mvua ishike Dodoma Januari, nitakupigia simu saa nane usiku niulize chumvi yako inaendeleaje.

LAMECK: Januari yangu haihusiani na dirisha lako.

ZUHURA: Inahusiana sana.

LAMECK: Haihusiani.

ZUHURA: [kimya] Haya. Luku yangu inapiga kelele hapa, zimebaki uniti mbili. Yale manne?

LAMECK: Tumegusa dirisha.

ZUHURA: Hatujakubaliana dirisha.

LAMECK: Basi kusafisha, haraka: maji yasilale kwenye tangi, yanaanza kunuka...

ZUHURA: Muda hautoshi, acha. Mimi nauza mashine. Imetumika usiku mbili, nani yuko Dodoma, Singida, anayeihitaji?

LAMECK: Laki moja, na unaitia kwenye basi kwa nauli yako.

ZUHURA: Wewe! Laki mbili na nusu.

LAMECK: Laki moja na ishirini. Na kwanza niambie, maji ya tangi ulimwaga?

ZUHURA: ...Asanteni wasikilizaji, tukutane wiki ijayo.

LAMECK: Zuhura, maji ulimwaga?