Tanuru halijui kama umezima taa

Jamani tusogeleane kidogo. Tunaambiwa dunia itaacha kupata joto kila mmoja wetu akizima taa na kupunguza safari, sasa nianze na mwaka 2020. Ule wa korona, dunia imejifungia ndani, ndege zimelala chini, barabara nyeupe, hata misiba watu hawaendi, halafu wataalamu walipokuja kupiga hesabu ya hewa ya ukaa, yaani kaboni dayoksaidi, ile gesi inayoipasha dunia, ya mwaka mzima wakakuta imepungua kama asilimia 5 hivi. Tano tu! Sasa ile nyingine yote nani aliitoa na sisi tumekaa ndani? Mitambo ya makaa ya mawe haikulala, matanuru ya chuma hayakulala, ya simenti nayo hivyohivyo.

Hiyo simenti ngoja niielezee. Unasaga mawe ya chokaa, unayaingiza kwenye tanuru, joto linapanda mpaka karibu nyuzi 1,450, na lile jiwe lenyewe likishapata moto linaachia kaboni dayoksaidi, yaani hata ungelipasha kwa umeme wa jua bado gesi ingetoka, na zaidi ya nusu ya uchafu wa simenti ni huo wa jiwe, sio wa moto. Mimi nikizima taa chumbani, tanuru litajuaje?

Kinachoniuma ni hiki. Exxon, kampuni ya mafuta ya Marekani, waliambiwa na mwanasayansi wao wenyewe mwaka 1977 kwamba kuchoma mafuta kunaipasha dunia, halafu miaka ya 2000 BP, nao watu wa mafuta haohao, wakalitangaza kwa nguvu lile wazo la kila mtu kupima kaboni anayoitoa yeye, mpaka kikokotoo wakatuwekea mtandaoni. Mwenye kisima cha mafuta anakuuliza wewe umekula nini jana!

Sisemi mtu asijali, na anayepanda ndege kila wiki ana la kujibu. Ila kumbukeni ozoni, lile tabaka la hewa huko juu linalotukinga na mionzi mikali ya jua. Miaka ya 70 kuna watu Marekani walisusia makopo ya kupulizia yenye gesi za CFC, zile zinazoila ozoni, na kususia kule kulisaidia, kuliwatisha wauzaji na wanasiasa wakashtuka, lakini friji zilikuwa bado zinatengenezwa na gesi ileile mpaka 1987 serikali zilipokutana Montreal, Kanada, zikawapangia viwanda kiwango na mwaka wa kupunguza. Leo ozoni inapona.

Kwa hiyo mkikutana na mbunge au waziri msimuulize habari za kupanda miti. Muulizeni mtambo wa makaa unafungwa mwaka gani, na mwaka ukipita nani analipa faini.